Tukimsamehe mmoja, tutasamehe wote?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Nkuhungu, Dodoma. Tupo wanachama 25. Kila kikao tunanunua hisa, na pembeni kila mtu anachanga 1,000 ya mfuko wa jamii. Mwenzetu mmoja, mama anayeuza mtama na uwele sokoni, alikopa na sasa amebakiza 400,000. Mwanawe akalazwa, fedha ya marejesho ikaishia hospitali, amechelewa miezi miwili. Katiba yetu inasema faini ni asilimia 10 ya deni lililobaki kwa kila mwezi wa kuchelewa. Deni halikatai, anaomba asamehewe faini tu. Kikao kikawa ugomvi. Mweka hazina akasema, "Katiba ni katiba, aliisaini mwenyewe." Mama mwingine akasema tukimsamehe mmoja tutasamehe wote na kikundi kitakufa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenyekiti akasema kuchelewesha fedha za watu ni wizi (yeye mwenyewe Januari alichelewa wiki mbili na hatukumwita mwizi). Aliyemtetea mama akaambiwa anyamaze kwa kuwa ni shemeji yake, naye akajibu kwamba anayemtoza faini mama mwenye mgonjwa si binadamu. Halafu tuna mzee ambaye alizeti yake ilikauka mwaka jana, akatozwa faini kamili, akalipa. Huyo hasemi kitu, anatuangalia tu. Mwalimu, kila anayeongea naona ana hoja. Nitajuaje ipi ina uzito na ipi ni kelele? Kikao kijacho ndicho cha kuamua.

JIBU: Marahaba, Katibu. Poleni na ugomvi, ingawa kwa mtu wa kazi yangu ni ugomvi wa kupendeza: katika kikao kimoja mmepitia karibu kila aina ya hoja ninayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza muhula mzima, nzima na mbovu pamoja.

Unasema kila anayeongea unaona ana hoja. Hiyo ni kwa sababu unapima kwa masikio. Hoja yoyote ya maadili ina misingi na ina hitimisho. Misingi ni yale ambayo mtu anataka uyakubali kwanza. Hitimisho ni pale anapotaka ufike. Kwa hiyo maswali ni mawili, na usiyachanganye. La kwanza: nikikubali misingi yote, je, nalazimika kukubali na hitimisho, au bado naweza kulikataa bila kujipinga mwenyewe? La pili: hiyo misingi yenyewe ni ya kweli? Hoja inaweza kushikana barabara na ikawa uongo mtupu kwa sababu imeanzia pabaya. Inaweza pia kuanza na ukweli mtupu na isifike popote. Ukimpinga mtu bila kujua unapinga lipi kati ya hayo mawili, mtazungushana hadi jua lizame na sanduku la fedha za kikundi halijafunguliwa.

Chukua karatasi uanze na mweka hazina. Andika sentensi moja moja: katiba inamtaka aliyechelewa alipe faini, mama amechelewa, kwa hiyo alipe faini. Inaonekana imekamilika, lakini tazama vizuri. Sentensi mbili za kwanza zinaeleza mambo yalivyo, kilichoandikwa na kilichotokea. Ya tatu inaamuru. Hiyo amri imetoka wapi? David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alilalamikia jambo hili katika kitabu alichokitoa kati ya 1739 na 1740: kwamba waandishi wa maadili wanaeleza mambo yalivyo, halafu ghafla unawakuta wanasema yanavyopaswa kuwa, na hawakuelezi wamevukaje. Mweka hazina wenu kavuka hivyo hivyo. Kuna msingi hakuutamka kwa sababu kwake uko wazi kama mchana: kila tulichosaini kinapaswa kutekelezwa, hali iwe yoyote. Uongeze huo, hoja inashikana. Na sasa mnajua mahali pa kubishania. Hakuna anayebisha kwamba mama kachelewa, wala hakuna anayebisha katiba inasemaje. Mnabishania "hali iwe yoyote".

Nakushauri ulikumbuke hili hata nje ya kikundi. Watu wakigombana kuhusu haki, ugomvi wenyewe karibu kila mara umekaa kwenye msingi ambao haukutamkwa. Vilivyotamkwa, wote wanavikubali, ndiyo maana kila mmoja anashangaa mwenzake haelewi nini.

Msingi wa mweka hazina usiudharau. Mtu akisaini, wenzake wanapanga maisha yao kwa kutegemea ile saini; yupo ambaye ameshahesabu mgawo wa Desemba, mnapogawana fedha za kikundi, kuwa ada ya Januari. Lakini kanuni kuwa imeandikwa na kusainiwa hakuifanyi imalize mjadala. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Huyu Holaria, mama wa Kihaya, alirithi kwa wosia wa baba yake ardhi ya ukoo, akaiuzia mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani: sheria za kimila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli kanuni hiyo ilikuwepo, imeandikwa. Jaji Mwalusanya hakukana kwamba ipo. Alileta msingi mzito zaidi, kwamba Katiba ya nchi inakataza ubaguzi, na kanuni ya kimila inayogongana nayo haisimami. Kifungu chenu cha faini hakimbagui mtu, sikifananishi na kile. Ninachotaka ukione ni namna ya kujibu: aliyesema "imeandikwa" hajibiwi kwa kukana maandishi, anajibiwa kwa kuuliza maandishi yenyewe yanasimama juu ya nini.

Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitoa jibu ambalo naona linawafaa zaidi. Alisema sheria lazima izungumze kwa ujumla, na maisha huleta mambo ambayo ujumla ule haukuyafikiria. Hapo haki ni kusahihisha upungufu kwa kusema kile ambacho mtunga sheria mwenyewe angesema kama angekuwepo. Ninyi mna bahati kuliko yeye, watunga sheria wenu bado wako hai na wanakaa benchi moja na ninyi. Waulize. Fungua na daftari la mihutasari: siku mlipopitisha asilimia 10, mlikuwa mnamkusudia nani? Kama mlikuwa mmechoshwa na mtu mwenye fedha mfukoni anayewazungusha, basi kifungu kilitungwa kwa ajili ya mtu huyo. Kama mlisema wazi "hata akiuguliwa", mweka hazina ameshinda, na mama aombe mlango mwingine.

La mwenyekiti halichukui muda. Anasema kuchelewesha fedha za watu ni wizi, na mwizi haonewi huruma. Maneno yameshikana vizuri kabisa. Basi yafuate yanakoelekea: Januari yeye alichelewesha fedha za watu wiki mbili, kwa hiyo ni mwizi asiyestahili huruma. Hilo hakuna anayelikubali, yeye wa kwanza. Sasa angalia hatua inayofuata, maana watu wengi huishia kucheka hapo. Hoja iliyoshikana ikikufikisha mahali ambapo ni dhahiri si pa kweli, kununa hakutoshi, lazima useme ni msingi gani unauacha. Hapa ni rahisi. Kuchelewesha si wizi. Mwizi anataka kitu kiwe chake, na mama huyu anakuja kikaoni, anakiri deni, anataja kiasi. Mwenyekiti kachukua neno lenye hasira ndani yake akalibandika kwenye jambo jingine ili hasira ihame pamoja nalo. Ukisikia neno limekuja na ukali ambao tendo halina, mwombe msemaji arudie hoja yake bila neno hilo. Mara nyingi hakuna kinachobaki.

Shemeji naye mmemfanyia kosa, ingawa si kosa zima. Mtu anaweza kusimama kikaoni akiwa shahidi, au akiwa mtoa hoja. Akisema "mtoto alilazwa siku kumi, nilikuwepo", hapo anatoa ushahidi, na undugu wake una maana. Mna haki ya kuomba karatasi za hospitali. Akisema "si haki kumtoza mtu faini kwa kufanya ambalo kila mmoja wetu angelifanya", hiyo ni hoja, na hoja haina ndugu. Ingesemwa na adui wa mama yule ingekuwa na uzito ule ule, au wepesi ule ule. Kumzuia kupiga kura ni jambo jingine, na hilo naliunga mkono. Sanduku lenu naamini lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Hakuna aliyewahi kudhani huo ni utaratibu wa kuwatukana wenye funguo.

Naye alipowaita si binadamu, alijiharibia. Lakini kazi yako wewe katibu, kabla ya kutupa hoja ya mtu, ni kuitengeneza iwe nzuri kadiri inavyoweza kuwa, ndipo uipime. Ndani ya tusi lile mna kitu kama hiki: si haki kumwongezea mzigo mtu aliyeelemewa kwa jambo ambalo hakulisababisha na hakuweza kulikwepa. Huu ni msingi wa heshima. Tatizo lake ni upana, nitalionyesha nikifika kwa mzee wa alizeti. Na tatizo la pili ni kwamba fedha ya faini si ya shemeji peke yake. Huruma kwa fedha ya mwenzako ni rahisi mno, na wanaoitoa hivyo huwa wakali kweli kwa wasiotaka kuungana nao.

Sasa yule mama wa "tukimsamehe mmoja tutasamehe wote". Sentensi yake ndiyo yenye nguvu kuliko zote zilizotamkwa, na inapotosha kwa sababu ni hoja mbili zilizovaa kanga moja.

Ya kwanza ni utabiri. Tukisamehe leo, kesho watakuja wengine na wagonjwa wa kweli na wa kubuni, marejesho yatalegea, sanduku litakauka. Utabiri haupimwi kwa ukali wa sauti, unapimwa kwa kumbukumbu. Katibu, daftari unalo wewe. Mmewahi kumsamehe mtu? Kilifuata nini? Kila hatua kati ya leo na kifo cha kikundi ina uwezekano wake wa kutotokea: lazima wengine waige, lazima mshindwe kudai uthibitisho, lazima mshindwe kusema hapana mara ya pili. Anayeruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho anakudai umkubalie zote kwa mkupuo. Na piga hesabu. Faini ya miezi miwili ni 80,000. Mkigawana hasara hiyo watu 25, ni 3,200 kwa kila mmoja siku ya kuvunja sanduku. Inauma, haiui. Deni lenyewe la 400,000 likipotea ni 16,000 kwa mtu, na hapo ndipo mama yule angekuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini hakuna aliyeomba deni lifutwe.

Methali nayo isikutishe. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni kweli mara nyingi. "Kuteleza si kuanguka" ni kweli mara nyingi vilevile. Lugha yetu ina methali kwa kila upande wa kila kesi, na ndiyo raha yake. Kwa hiyo methali inakukumbusha jambo la kuangalia, haikuambii kama ndilo mlilo nalo mezani. Aliyeitoa bado anadaiwa kuonyesha ufa uko wapi.

Hoja ya pili iliyojificha humo haina utabiri wowote, ni dai la usawa: ukimtendea mtu hivi, lazima umtendee hivyo kila aliye katika hali kama yake, la sivyo ni upendeleo. Hii siwezi kuivunja, na sidhani kama yupo awezaye. Bila sharti hilo maadili yanageuka kuwa nani anampenda nani. Lakini angalia inachodai. Inadai mtendee sawa walio katika hali moja. Haidai msisamehe. Kusamehe wote walio katika hali ile kunatimiza sharti sawasawa na kutoza wote. "Tutasamehe wote" inatisha ikiwa "wote" ni kila anayechelewa. Ikiwa "wote" ni kila aliyechelewa kwa sababu fedha ya rejesho ilikwenda kuokoa uhai wa mtu wa nyumbani kwake, na ana uthibitisho, na anakiri deni, basi jibu ni ndiyo, tutasamehe wote, na wala hawatakuwa wengi.

Ndiyo tunafika kwa mzee wa alizeti. Hajasema neno na ndiye mwenye hoja ngumu kuliko wote. Msemee kwa haki: mwaka jana nilipata janga nisilolisababisha, nikatozwa, nikalipa, huyu kapata janga asilolisababisha, basi atozwe.

Mna njia tatu tu. Mseme hali hizi mbili zinatofautiana katika jambo lenye maana. Au mseme mwaka jana mlitenda haki, kwa hiyo mama alipe. Au mseme mwaka jana mlikosea, kwa hiyo mama asamehewe na mzee arudishiwe chake. Njia ya nne, ambayo vikundi vingi huichagua, ni kumsamehe mama na kutomtazama mzee usoni. Hiyo si hoja.

Tofauti zipo nyingi: mmoja mwanamke mwingine mwanamume, mmoja ana shemeji mwenye sauti mwingine hana, mmoja amelia kikaoni mwingine alinyamaza. Hizo zote zitupe. Swali ni kama ipo tofauti ambayo ingehesabika hata mkibadilishana majina yao. Ukisema "mama hakuwa na kosa", umekwisha kumwingiza na mzee, maana mvua si yeye anayeileta. Huo ndio upana niliousema katika hoja ya shemeji. Wengine watasema mzee aliikopa fedha kwa ajili ya shamba, na kila mtu Dodoma anajua kwamba tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwamba Februari mvua inaweza kukata wiki kadhaa alizeti ikiwa haijajaza mbegu. Hatari ile ilikuwa ndani ya mkopo tangu siku ya kwanza. Kuugua kwa mtoto hakukuwa ndani ya biashara ya mtama. Hoja hii si mbaya, ila inamwadhibu mkulima kwa kuwa mkulima katika mkoa wenye mvua chache, na mimi siipendi.

Tofauti ninayoiona mimi ni nyingine. Mama alikuwa na fedha ya rejesho mkononi, akalazimika kuchagua kati ya kikundi na mtoto. Waulize wote 25, mweka hazina akiwemo: ungefanya nini? Kama hakuna ambaye angeipeleka ile fedha kwenye kikundi na kumwacha mtoto, basi faini ile inaadhibu uamuzi ambao nyote mnauona ndio sahihi. Mzee hakuwekwa kwenye uchaguzi wa namna hiyo. Yeye fedha hakuwa nayo kabisa. Na kuna ushahidi kutoka kwenu wenyewe kwamba tofauti hii mnaijua: mnachanga mfuko wa jamii. Mlipouanzisha mlikubali kwamba ugonjwa na msiba ni mzigo wa wote, na hasara ya biashara ni ya mwenyewe. Hiyo inanishawishi. Lakini ni tofauti nyembamba, na mtu mwenye akili timamu anaweza kuipima akaona haitoshi, akachagua njia ya tatu. Sitambishia sana.

Huo mfuko wa jamii unawapa pia mlango ambao hakuna aliyeutaja: faini ilipwe, 80,000 yote, kutoka mfuko wa jamii. Katiba ya mweka hazina imetekelezwa, mama hajaongezewa mzigo, na mgawo wa Desemba haujaguswa. Ni suluhisho zuri la kikao. Ila usidhani limejibu nani alikuwa na haki, limewaruhusu kutoamua.

Mkitaka kuamua hasa, fanya hivi. Kabla ya kikao andika pendekezo kama kifungu, bila jina la mtu: mwanachama ambaye rejesho lake limetumika kwa matibabu ya dharura ya mtu wa nyumbani kwake, akileta uthibitisho na akiendelea kukiri deni, hatozwi faini kwa muda usiozidi miezi mitatu, mara moja katika mzunguko. Lisome kabla hamjamtaja mama. Mwambie kila mtu alifikirie kama mtu asiyejua mwakani litamwangukia nani, yeye mwenyewe, jirani yake, au yule asiyempenda. Anayelikubali kwa sababu ni mama huyu, au analikataa kwa sababu ni mama huyu, atajikuta hana la kusema. Likipita, ndipo muulize kama mama anaingia. Likikataliwa, alipe au mfuko umlipie. Shemeji azungumze, asipige kura. Andika kwenye muhtasari sababu, si matokeo peke yake, kwa maana mtu wa mwakani atakuja na hali inayofanana nusu, na bila sababu hamtajua kama anahusika.

Na mzee wa alizeti mfuate nyumbani kabla ya kikao. Msomee kifungu, mweleze kwa nini mnaona hali yake ilikuwa tofauti, kisha umsikilize. Akikuonyesha kwamba tofauti hiyo haisimami, rudi kwa viongozi wenzako na ajenda ya pili: kumrudishia fedha yake.